Sungura Wenu Akigoma Kula, Msikimbilie Duka la Dawa

Mbwa na paka wana watetezi wengi, kwa hiyo mwezi huu tumpe zamu mwenye masikio marefu.

Sio siri, sungura yuko kwenye chati. Ni mpole, habweki usiku wa manane, hagombani na majirani wa ghorofa ya chini, na hata fleti ya vyumba viwili inamtosha. Kaka akikosa cha kumpa bibie siku ya kuzaliwa, anakuja na boksi lenye matundu, ndani kuna kitu cheupe chenye macho mekundu. Bibie anapiga kelele za furaha, picha zinapigwa, jina linapatikana hapo hapo. Bomba kabisa.

Kisanga kinaanza miezi michache baadaye, siku sungura anapojikunyata pembeni na kugoma kula. Wapenzi wanaangaliana. Mmoja anasema, "Atakuwa kashiba tu." Mwingine anajibu, "Kashiba wapi, tangu juzi anapiga chafya, ana mafua huyu." Halafu mmoja anakumbuka kwamba kwenye droo kuna vidonge vya amoksilini vilivyobaki tangu alipougua koo. Kidonge kinapondwa, kinakorogwa na maji, sungura ananyweshwa kwa bomba la sindano. Siku chache baadaye anaharisha, analegea, anakufa. Wale wawili wanamzika kwa majonzi wakiamini kwamba wamezidiwa na ugonjwa.

Inawezekana kabisa hawakuzidiwa na ugonjwa. Kilichomuua ni kile kidonge.

Ndiyo, umesoma vizuri. Dawa iliyomponya mume wako koo inaweza kumuua sungura wenu. Kama utafunga ukurasa huu na kukumbuka mambo mawili tu, basi yawe haya: usimpe sungura antibiotiki ya binadamu, na sungura asiyekula kuanzia jioni hadi asubuhi ni mgonjwa wa dharura. Mengine yote tutakayoongea leo yanatokana na hayo mawili.

UJANJA WAKE ULIOBAKI

Sisi wote tumekua na hadithi za Sungura mjanja, yule anayemzidi akili Fisi na kumtoroka Simba. Huyu wa kwenye banda ni wa ukoo mwingine, asili yake ni Hispania na Ureno, lakini naye ana ujanja wake mmoja. Anajua kuficha maradhi.

Porini, sungura anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo maumbile yamemfundisha kuvumilia kimya kimya. Mbwa akiumwa atalia, paka atanuna na kukukwepa. Sungura ataendelea kukaa pale pale, macho wazi, masikio juu, kama vile hakuna kitu. Siku ukiona wazi kwamba anaumwa, ujue ameumwa muda sasa. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa sungura msemo huu ni kweli tupu.

Habari njema ni kwamba kuna kitu kimoja hawezi kuficha: tumbo. Sungura mzima anatafuna karibu muda wote na anaacha vinyesi vingi vya mviringo kama gololi ndogo kavu. Vinyesi vikipungua, vikiwa vidogo kuliko kawaida au vikikosekana kabisa, hiyo ndiyo taarifa yako ya kwanza. Basi akigeuzia majani mgongo msimcheke mkisema anafanya "sizitaki mbichi hizi". Yule wa kwenye hadithi alikuwa na maringo. Wa kwenu anaumwa.

KIWANDA KILICHOMO TUMBONI

Ili uelewe kwa nini kidonge kile ni hatari, ingia kidogo tumboni mwa sungura. Yeye anaishi kwa nyasi, na nyasi ni ngumu kusagika. Kazi hiyo anawaachia bakteria wengi sana waliomo kwenye mfuko mkubwa wa utumbo wake unaoitwa sikamu. Bakteria hao ni wafanyakazi wake. Wanachachusha nyasi na kutengeneza lishe na vitamini. Matokeo yake yanatoka kama kinyesi laini kinachong'aa, kilichoshikana kama kishada cha zabibu, na sungura anakila moja kwa moja kikiwa kinatoka. Usishtuke wala usimfukuze. Bila kukila anakosa lishe yake muhimu.

Kiwanda hiki hakina likizo. Sungura akiacha kula kwa sababu yoyote ile, iwe jino linauma, kaogopa mbwa wa jirani, joto limezidi au kahamishwa nyumba, utumbo unapunguza mwendo. Ukisimama, gesi inajaa, tumbo linauma, na maumivu yanamfanya akatae chakula zaidi. Ni mduara mbaya. Na tofauti na wewe, sungura hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia nzima.

Ndiyo maana madaktari wa mifugo wanasema sungura aliyekaa saa kumi na mbili bila kula wala kunya aonwe siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu, na usingoje mpaka mshahara utoke.

DAWA YENU, SUMU YAKE

Sasa rudi kwenye kile kidonge. Amoksilini na ampisilini ni ndugu wa penisilini. Sungura akizimeza, zinawaua wafanyakazi wema wa kiwandani na kuwaacha wahalifu. Mhalifu mkuu ni bakteria wa jamii ya Clostridium, ambaye akibaki peke yake anazaliana kwa kasi na kumwaga sumu. Hapo ndipo mharo unapoanza, mwili unapoa, na mara nyingi mwisho ni kifo. Klindamisini na linkomisini nazo zina sifa hiyo hiyo mbaya, na erithromaisini haiko mbali.

Sijasema kwamba sungura hatibiwi kwa antibiotiki. Anatibiwa sana tu. Daktari wa mifugo ana dawa ambazo tumbo la sungura linazimudu, kama enrofloksasini au mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa. Wakati mwingine atatumia hata penisilini, lakini kwa sindano, na akijua anachokifanya. Mdomoni, hapana. Jina la dawa, njia ya kuitoa na kipimo chake, vyote vitatu vinahesabika. Sungura wa kilo 2 sio mtoto mdogo wa binadamu, na huwezi kugawa kidonge kwa kukisia.

Kuna mtego mwingine dukani: dawa za viroboto. Zile za kupulizia au kudondoshea mgongoni ambazo ni za mbwa na paka, nyingine zina fipronili. Kwa sungura hiyo ni sumu. Soma lebo kabla hujafungua, na muuzaji akikwambia "hii inafaa wanyama wote", mshukuru na uirudishe kwenye shelfu.

MAFUA YANAYOGOMA KUISHA

Turudi kwenye zile chafya. Ugonjwa wa bakteria unaojulikana zaidi kwa sungura unaletwa na Pasteurella multocida. Jina hilo la kwanza limetokana na Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa. Sungura wengi wanambeba bakteria huyu puani bila kuumwa. Anangoja tu kinga ishuke. Safari ndefu, woga, joto, lishe mbovu au sungura mgeni bandani vinatosha kumwamsha. Bakteria wengine kama Bordetella na Staphylococcus nao wanaweza kushiriki.

Dalili zake ni chafya, makamasi meupe au ya njano na macho yanayotoa machozi. Lakini angalia na miguu ya mbele. Sungura hana leso, anafuta pua kwa mikono yake. Ukikuta manyoya ya ndani ya miguu hiyo yameshikana na kukauka kama yamepakwa uji, anaumwa hata kama pua unaiona safi.

Ugonjwa huu ukiachwa unatembea. Unaweza kushuka mapafuni. Unaweza kupanda kwenye sikio la ndani, na hapo utamkuta kichwa kimepinda upande mmoja, anazunguka na kuanguka. Wapo watakaokwambia karogwa. Hajarogwa. Ana maambukizi ya sikio, au kimelea kidogo kinachoshambulia ubongo na figo kiitwacho Encephalitozoon cuniculi. Haya mawili yanatibiwa tofauti, na ni daktari tu wa kuyatenganisha. Kichwa kupinda hakumaanishi kifo. Wapo wanaopona, na wapo wanaoishi miaka na kichwa cha upande wakila vizuri tu.

Kinga yake iko kwenye ufagio. Mkojo wa sungura ukikaa unatoa hewa kali ya amonia inayochoma pua na kufungua mlango kwa bakteria. Jaribio ni rahisi: piga magoti, sogeza pua yako usawa wa banda. Kama wewe unakunja uso, fikiria yeye anayelala humo. Safisheni kona ya choo kila siku, badilisheni matandiko, epukeni maranda yenye vumbi, na hewa ipite. Mkiongeza sungura wa pili, mtengeni chumba kingine kwa wiki mbili hadi nne kwanza.

USAHA MZITO KAMA DAWA YA MENO

Ukimpapasa ukakuta uvimbe mgumu shavuni, chini ya taya au mgongoni, huenda ni jipu. Jipu la sungura halifanani na letu. Usaha wake ni mzito kama dawa ya meno, hautiririki, na mwili unaujengea ukuta. Ukilitumbua nyumbani kwa wembe, utamuumiza, utoe kidogo, na lingine litabaki ndani na kurudi. Mara nyingi daktari hulazimika kulitoa lote kwa upasuaji, ukuta wake na kila kitu, halafu dawa zifuate kwa wiki kadhaa.

Jipu la taya mara nyingi chanzo chake ni jino. Sungura ana meno 28, na yote yanakua maisha yake yote. Ya mbele yanaongezeka karibu milimita 2 hadi 3 kila wiki. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi ngumu saa nyingi kwa siku. Sungura anayelishwa mkate, ugali, biskuti na karoti tupu hana cha kumpunguzia magego. Yanarefuka, yanatoa ncha kali zinazochana ulimi na mashavu, na mizizi inasukuma taya. Utamwona anaisogelea sahani kwa hamu, anainusa, halafu anaondoka. Au anadondosha chakula na kutoa mate hadi kidevu kinalowa. Tafadhali msimkate meno kwa mkasi wa kucha. Jino linapasuka, bakteria wanaingia, na mmejitengenezea jipu wenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwenye msosi. Sehemu kubwa kabisa ya chakula chake iwe nyasi kavu, zipatikane mchana na usiku. Ongeza majani mabichi yaliyooshwa: majani ya karoti, giligilani, figili, sukuma wiki kidogo. Karoti yenyewe ina sukari, iwe kama pipi kwa mtoto, kipande kimoja siku moja moja. Parachichi na majani yake ni marufuku, na majani ya nyanya na viazi mviringo pia. Maji safi yasikauke hata saa moja.

NYAYO, NGOZI NA MASIKIO

Mbwa na paka wana visigino vilivyotuna chini ya miguu. Sungura hana. Ana manyoya tu. Akiishi juu ya sakafu ya waya, au juu ya matandiko yenye mkojo, manyoya yanaisha, ngozi inakuwa nyekundu, inachubuka, na bakteria wa Staphylococcus wanaingia. Kidonda kikifika kwenye mfupa, kupona ni shughuli pevu. Mabanda mengi yanayouzwa mjini yana sakafu ya waya kwa sababu ni rahisi kusafisha. Wekeni ubao au mkeka mnene juu yake, na punguzeni uzito wake kama ameshakuwa kibonge.

Kwenye ngozi, adui ni utitiri. Kuna wanaoingia masikioni na kujenga magamba ya kahawia yaliyopangana kama maandazi ya tabaka. Usiyabandue, yanauma vibaya. Kuna wengine wanaoanzia puani, mdomoni na kwenye kucha, wanaacha ukoko mweupe na ngozi inayowasha. Hao wa pili wanaweza kukupa na wewe vipele vya kuwasha. Sindano ya ivermectini kutoka kwa daktari wa mifugo, ikirudiwa kwa ratiba, inawamaliza vizuri. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yanaweza kuwa fangasi, na hao nao wanahamia kwa binadamu. Kwa hiyo nawa mikono baada ya kumshika, na msimlaze kitandani kati yenu mkiwa bado hamjui anaumwa nini. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, na ukiona linavimba nenda hospitali na useme wazi kwamba ni sungura, maana mdomo wake una bakteria.

INZI NA JOTO LA DAR

Ukiishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, haya mawili yanakuhusu sana.

La kwanza ni inzi. Sungura mnene, au mwenye mharo, au mwenye maumivu ya mgongo, hawezi kujisafisha nyuma. Inzi wanataga pale kwenye uchafu, na kwenye joto mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja. Funza wanaanza kula nyama hai. Ni jambo la kutisha na linaua haraka. Kila siku mnyanyueni, mwangalieni nyuma. Ukiona hata funza mmoja, ni daktari saa hiyo hiyo.

La pili ni joto. Kama tulivyosema, babu zake ni wa Hispania, na walijichimbia mashimo ardhini ili wapate ubaridi. Hatoi jasho kama sisi, anapunguza joto kupitia yale masikio. Nyuzi 30 kwake ni hatari, na Januari na Februari Dar inapita hapo bila shida. Usimwache kwenye roshani inayopigwa na jua la mchana wala ndani ya gari. Chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyozungushiwa taulo, inamsaidia, ataiegemea mwenyewe. Ukimkuta amelala chali, anahema kwa mdomo, masikio yanawaka moto, yalowanishe kwa maji ya baridi ya kawaida, sio barafu, na uanze safari ya kwa daktari.

USIOGOPE BURE

Baada ya vitisho vyote hivyo, hapa kuna ahueni kidogo. Mkojo wa sungura unaweza kuwa wa njano, wa rangi ya chungwa, hata mwekundu, kwa sababu ya rangi za majani aliyokula, na akawa mzima kabisa. Unaweza pia kuwa na ukungu mweupe kama chokaa, maana kalsiamu iliyozidi anaitoa kwa mkojo. Wekundu wa kutia shaka ni ule wenye mabonge ya damu, au mkojo unaomtoka kwa kujikamua. Kwa majike ambao hawajafungwa kizazi, damu isipuuzwe kamwe. Saratani ya mji wa mimba ni ya kawaida sana kwa majike waliopita miaka 3 au 4, na kumfunga kizazi akiwa bado kijana kunamkinga. Kutawapunguzia na kesi nyingine, maana mimba yake ni mwezi mmoja tu, na huchelewi kuamka una ukoo mzima jikoni.

NANI ANAMPELEKA KWA DAKTARI?

Sasa tufike kwenye ishu yenyewe, ile inayovunja amani ya nyumba. Sungura kagoma kula saa tatu usiku. Bibie anataka aende sasa hivi. Bwana anasema, "Yaani nimlipe daktari mara kadhaa ya bei niliyomnunulia? Si tununue mwingine?" Kimya kinatanda. Kesho yake hawaongei, na keshokutwa wanaongea kila kitu isipokuwa sungura.

Ndugu yangu, hesabu ya bei ya sokoni haifai hapa. Sungura akitunzwa vizuri anaishi miaka 8 hadi 12. Kuna ndoa ambazo hazikufika huko. Na mwenzio anaposema "huyu anaumwa", anaongelea sungura, lakini pia anakuangalia utafanya nini na kiumbe dhaifu kilicho mikononi mwenu. Bibie naye ajue kwamba anayeuliza bei sio lazima awe hana moyo. Mwenye kulipa kodi ya nyumba ana haki ya kuuliza. Kosa ni kuanza kuulizana usiku wa dharura, wakati mmoja analia na mwingine ana usingizi.

Yaongeeni leo, sungura akiwa mzima. Kwanza, mtafuteni daktari wa mifugo mapema, na mumuulize swali moja bila aibu: "Umeshawahi kutibu sungura?" Wengi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na aliye mkweli atakuelekeza kwa mwenzake. Kwa Tanzania awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Walio Morogoro wako jirani na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na walio Nairobi wana Kabete, ambako madaktari wa mifugo wanafundishwa. Namba ya daktari iwe kwenye simu zote mbili.

Pili, wekeni kibubu. Kidogo kidogo kila mwezi, fedha ya sungura isiyoguswa hata Ijumaa ikiwa tamu namna gani. Tatu, kubalianeni nani anampeleka siku za kazi na nani wikiendi. Nne, kubalianeni kabisa kwamba hakuna atakayempa dawa yoyote bila kuongea na daktari, awe shangazi, awe dada wa kazi, awe mshikaji anayejua kila kitu. Na lile boksi la amoksilini lihamie kabati la juu.

Wakati mnangoja daktari, msikae bure. Mwekeni sehemu tulivu, yenye joto la wastani. Mpeni maji kwenye bakuli na majani mabichi yenye harufu, kama giligilani. Kama tumbo limevimba na ni gumu kama mpira, msimlishe kwa nguvu, huenda limeziba. Mbebeni kwenye boksi lenye taulo ili asiteleze, na chukueni vinyesi vya mwisho kwenye mfuko safi. Mwambieni daktari alikula nini, lini, na kama kuna dawa yoyote aliyopewa. Kama kuna mtu alishampa kidonge, semeni ukweli. Hakuna atakayewafunga, lakini uongo huo unaweza kumnyima tiba sahihi.

DAKIKA TANO ZA KILA JIONI

Mwisho kabisa, huu hapa mchezo mdogo wa wawili. Mmoja anamshika, mwingine anakagua. Anakula? Vinyesi vipo vya kutosha, na vina ukubwa uleule? Pua na macho ni makavu? Miguu ya mbele ni misafi? Kidevu hakijalowa? Nyayo zina manyoya? Nyuma ni pasafi? Pitisha vidole taratibu kwenye taya na mgongo kutafuta uvimbe. Mara moja kwa wiki, mpimeni kwa mizani ya jikoni na muandike uzito kwenye karatasi ya friji. Uzito ukianza kushuka wiki mbili mfululizo, kuna kitu anaficha.

Ni dakika tano tu, pungufu ya matangazo ya tamthilia moja. Na kwenye hizo dakika tano, simu ziko pembeni, mmeinamisha vichwa pamoja juu ya kiumbe kisichoweza kusema kinaumwa wapi. Wengine wanalipia ushauri nasaha kupata kitu kama hicho.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujazima taa, nenda kachungulie bandani. Ukikuta anatafuna, lala salama. Ukikuta majani ya jioni hayajaguswa, mwamshe mwenzio. Tukutane mwezi ujao!